Mwenye Kesi na Mwenye Fedha

Julai 2024 Serikali ya Tanzania ilikubali kuilipa Indiana Resources, kampuni ya Australia, dola za Marekani milioni 90 ili kumaliza mgogoro wa mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea. Mwaka mmoja kabla, baraza la usuluhishi lililoundwa chini ya ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji, lilikuwa limetoa tuzo ya zaidi ya dola milioni 109 kwa sababu ya kufutwa kwa leseni hodhi ya mradi huo. Jambo ambalo wengi hawakuligundua ni kwamba gharama za mdai zilibebwa na Litigation Capital Management, kampuni ambayo kazi yake ni kugharimia kesi za watu wengine. Winshear Gold, iliyomalizana na Serikali kwa dola milioni 30 mwaka 2023, ilikuwa na Delta Capital Partners nyuma yake. Montero, iliyokubaliana kulipwa milioni 27 mwaka 2024, ilikuwa na Omni Bridgeway. Madai yote matatu yalizaliwa na mabadiliko yaleyale ya sheria na kanuni za madini ya 2017 na 2018, na kila mdai alikuja na mwenye fedha wake.

Biashara yenyewe haina fumbo. Mfadhili hulipa mawakili, wataalamu na ada za baraza. Kesi ikishinda, hurudishiwa alichotoa pamoja na gawio, ambalo huwa asilimia ya kilichopatikana au mara kadhaa ya mtaji wake. Ikianguka, amekula hasara. Hapo ndipo anapotofautiana na benki, ambayo itakudai hata ukishindwa. Wanaoisikia habari hii kwa mara ya kwanza hukasirishwa na ukubwa wa gawio, nami naona hasira hiyo imebisha mlango usio wake. Gawio ni bei, na bei hujadiliwa. Hatari kubwa zaidi imo katika vifungu ambavyo mdai mwenye shida ya fedha huvisaini haraka: vile vinavyoamua nani atakuwa na kauli ya mwisho kesi iendelee au iishe.

Tuchukue mfano unaotajwa sana na wanaowapinga wafadhili. Mawakala 555 wa Post Office ya Uingereza, walioandamwa kwa upotevu wa fedha ambao uliibuliwa na mfumo wenye kasoro wa kompyuta, Horizon, walimalizana na shirika hilo Desemba 2019 kwa pauni milioni 57.75. Mawakili na mfadhili, Therium, walipochukua chao, zilibaki takriban milioni 12, yaani kama pauni 20,000 kwa kila mmoja, na kati yao walikuwamo waliofilisika na waliofungwa jela. Hesabu hiyo inauma. Hata hivyo, bila fedha za nje mawakala hao wasingeweza kupambana na shirika la umma lenye uwezo wa kulipa mawakili miaka na miaka, na hukumu walizozipata mwaka ule ndizo zilizofungua njia ya wengi kufutiwa hatia. Kasoro hapo ni ya sheria ya gharama: mahakama za kule kwa kawaida hazimlazimishi aliyeshindwa kulipa bei ya ufadhili. Katika usuluhishi inawezekana. Mahakama Kuu ya London ilikubali hivyo mwaka 2016 katika shauri la Essar na Norscot. Kwa hiyo tatizo la bei lina dawa.

Tatizo la mamlaka ni gumu zaidi. Sysco, msambazaji mkubwa wa vyakula Marekani, ilipewa takriban dola milioni 140 na Burford Capital ili iwashtaki wauzaji wa nyama kwa madai ya kupanga bei. Ilipotaka kumalizana na baadhi yao, Burford iliona kiasi kilichokubaliwa ni kidogo mno, ikapata amri ya muda ya waamuzi kuizuia isisaini. Burford ilijitetea kwamba Sysco ndiyo iliyovunja makubaliano kwanza, na haki ya kuridhia suluhu ilitokana na hapo. Hata tukiikubali hoja hiyo, matokeo hayabadiliki: mwaka 2023 Sysco iliachia madai yake kwa kampuni tanzu ya Burford, na mwaka uliofuata hakimu wa Minnesota akakataa kampuni hiyo ichukue nafasi ya mdai. Kumbuka kwamba Sysco ni kampuni tajiri yenye mawakili wa kutosha. Kampuni ndogo ya utafutaji madini ambayo mali yake pekee ni dai ingeponea wapi?

Wakili naye yuko katika mtihani. Kimaadili mteja wake ni mdai, lakini malipo yanatoka kwingine, na mdai huja mara moja ilhali mfadhili atarudi na kesi nyingine kumi. Siku mfadhili anapotaka suluhu ya haraka ili afunge hesabu za mwaka, au anapotaka kuendelea kwa sababu kesi zake nyingi zimesambaza hatari, wakili anayemshauri mdai kinyume cha hapo anahatarisha riziki yake. Wapo watakaosema kampuni za bima zimekuwa zikiendesha kesi za wateja wao kwa miongo mingi bila mtu kulalamika. Kweli, ila bima inapomtetea mwenye gari, kwa kawaida fedha zinazolipwa ni zake yenyewe, nayo inasimamiwa na mamlaka ya serikali. Mfadhili anacheza na haki ya mtu mwingine, na mara nyingi hana anayemsimamia.

Ndiyo maana naona Kanuni ya 14 ya ICSID, iliyoanza kutumika Julai 2022, imepiga hatua moja tu. Inautaka upande unaofadhiliwa utaje jina na anwani ya mfadhili. Hilo linasaidia kubaini kama mwamuzi ana maslahi na mfadhili huyo, jambo la lazima katika fani ambayo mtu mmoja anaweza kuwa wakili leo na mwamuzi kesho. Lakini jina halituambii nani anashika suluhu, na baraza linaweza kudai maelezo zaidi au lisidai. Wafadhili hupinga kufichua mkataba kwa hoja yenye uzito: mdaiwa akijua bajeti ya mpinzani wake itaisha lini, atachelewesha kesi mpaka fedha zikauke. Basi tarakimu zifutwe. Vifungu vya suluhu, vya kujitoa na vya kumbadilisha wakili haviwezi kumpa mdaiwa silaha hiyo, na havina sababu ya kufichwa mbele ya waamuzi.

Kwetu sheria iko kimya kwa namna ya ajabu. Uingereza ilifuta mwaka 1967 kosa la kale la kugharimia kesi ya mwingine kwa kugawana faida, lakini Tanzania iliipokea sheria ya mahakama za Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na Kenya kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, siku ambazo katazo hilo lilikuwa hai. Nchi zote mbili ziliipokea kadiri tu mazingira ya hapa yanavyoruhusu, na kwa Tanzania kuna njia iliyonyooka zaidi. Sheria yake ya Mikataba ilichukuliwa kutoka ile ya India ya 1872, na kifungu cha 23 kinabatilisha makubaliano yanayokwenda kinyume na maslahi ya umma. Mwaka 1876, katika rufaa ya Ram Coomar Coondoo iliyotoka India, Baraza la Faragha la London (Privy Council) lilikataa kuhamishia kule katazo la Kiingereza. Lilisema mkataba wa haki wa kugharimia kesi si batili kwa sababu hiyo peke yake, ila ule wa kinyonyaji au wenye nia mbaya usipewe nguvu.

Jaji wa Dar es Salaam atakayeletewa mkataba wa namna hii anaweza kuanzia hapo, na asome kifungu cha suluhu kabla ya kifungu cha gawio. Kikimpa mfadhili haki ya kuzuia suluhu, kikatwe, na mvutano upelekwe kwa wakili huru atoe uamuzi, kama kanuni za maadili za wafadhili wa Uingereza na Wales zinavyotaka tangu 2011. Kanuni hizo zinawabana wanachama wa chama chao tu; kwa mfadhili anayekuja Nachingwea, sharti hilo litabidi liandikwe katika sheria.