Je, Wajua? Mtoto wa Eldoret Aliyeitwa Dæhlie

Je, wajua kwamba kuna mtoto wa Kikenya aliyepewa jina la Mnorwe kwa sababu ya mbio ambazo baba yake aliburuza mkia?

Baba huyo ni Philip Boit. Tarehe 12 Februari 1998, huko Nagano, Japani, alishiriki mbio za nyika za skii za kilomita 10, akawa Mkenya wa kwanza kufika kwenye Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alitumia dakika 47 na sekunde 25. Alikuwa wa 92, na nyuma yake hakuna aliyekuja. Katika dakika hizo ishirini Dæhlie angeweza kubadili nguo, kunywa chai na kwenda kuvikwa dhahabu yake ya sita ya Olimpiki. Hakwenda. Alibaki kwenye mstari wa kumalizia, sherehe ya medali ikabidi isubiri, na Boit alipojikongoja mpaka mwisho, bingwa akamkumbatia. Boit alipopata mtoto wa kiume, akamwita Dæhlie.

Picha ya kumbatio lile ilizunguka dunia nzima, na wengi waliiona kama kichekesho cha kupendeza: Mwafrika kwenye theluji! Ila anayeuchekea mchezo huo hajajaribu kuupanda mlima kwa skii.

Boit hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka Eldoret, na wa ukoo mmoja na Mike Boit, aliyeshinda shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Kampuni ya viatu ya Nike ndiyo iliyotoa pesa mwaka 1996 kumpeleka yeye na mkimbiaji mwenzake, Henry Bitok, nchini Finland kujifunza skii. Hesabu ya waliobuni mpango huo ilionekana safi kwenye karatasi. Mbio za nyika za skii zinadai moyo na mapafu kuliko karibu mchezo mwingine wowote, na mapafu ya kulelewa mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, Eldoret inayo tele. Wapeni skii, yaliyobaki yatajileta yenyewe.

Hayakujileta. Mkimbiaji huishi kwa miguu. Kwenye skii, mikono na mgongo hufanya sehemu kubwa ya kazi, maana fimbo mbili husaidia kuusukuma mwili mbele kila hatua. Halafu kuna kuteleza kwenyewe. Mnorwe huanza akiwa hajatimiza hata umri wa kwenda shule, na akifika utu uzima hafikirii tena lini aegemee skii moja na lini aiachie. Boit alivaa skii kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 24, na miaka miwili baadaye alikuwa amesimama mstari mmoja na watu hao.

Je, wajua pia kwamba katika mchezo huu mtu anaweza kushindwa kabla hajaondoka mstarini, kwa sababu ya nta? Chini ya skii za mbio kama zile za Nagano hupakwa nta za aina mbili. Ncha ya mbele na ya nyuma hupata nta ya kutelezesha. Katikati, chini ya unyayo, hupakwa nta ya kunata: mtu akikandamiza, skii inaishika theluji na kumpa pa kujisukumia, akiinua uzito, inateleza. Baridi ikiwa kali na kavu, fundi hana shida sana. Joto likikaribia nyuzi sifuri, theluji ikawa nusu maji, hapo ndipo mafundi hutokwa jasho. Nta laini kupita kiasi hukusanya theluji mpaka skii inaota mabonge. Ngumu kupita kiasi haishiki, na mtu anateleza kurudi nyuma kwenye mlima anaojaribu kuupanda. Siku ile ya Nagano theluji ilikuwa ya majimaji. Timu kubwa huja na mafundi wa nta wa kwao na masanduku ya skii za kuchagua kulingana na hali ya hewa. Kenya ilikuja na Boit.

Wengi walidhani ameshapata hadithi ya kuwasimulia wajukuu na yameisha. Alirudi Salt Lake City mwaka 2002, kisha Torino mwaka 2006, na Torino kulikuwa na watu nyuma yake. Akiwa nyumbani alifanya mazoezi kwenye lami za Eldoret kwa skii za magurudumu, fimbo mkononi, magari yakimpita. Hapo mtu hajifunzi theluji, ila mikono na mgongo vinajifunza kazi yao.

Mkenya wa pili kufika kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi alipitia njia nyingine kabisa. Sabrina Simader alizaliwa Kenya mwaka 1998, akahamia Austria na mama yake akiwa mdogo, akakulia kwenye miteremko ya huko. Mwaka 2018, PyeongChang, Korea Kusini, ndiye aliyebeba bendera, na timu nzima ya Kenya ilikuwa yeye peke yake. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi. Tofauti yake na Boit inaeleza mengi: mmoja alikuwa na mapafu bila theluji, mwingine alikuwa na theluji tangu utotoni.

Theluji yenyewe si ngeni Afrika Mashariki, ingawa Ulaya ilichelewa kuamini. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliiona theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848 akaandika habari zake. Mwanajiografia William Desborough Cooley, akiwa zake London, alimbishia kwa miaka: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Iliwezekana, lakini si ya skii. Barafu ya Mlima Kenya na ya Kilimanjaro iko juu sana, imekaa juu ya miamba, na inaisha mwaka hadi mwaka. Hakuna lifti wala mteremko uliosawazishwa, na hewa kule ni nyepesi kiasi kwamba mzima wa afya hupata taabu kufunga kamba za viatu.

Je, wajua Mwafrika mweusi wa kwanza kuteleza kwa skii kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi? Ni Lamine Guèye wa Senegal, Sarajevo, mwaka 1984. Ni mjukuu wa mwanasiasa maarufu wa jina hilohilo, aliyepata kuwa meya wa Dakar, na ndiye aliyeanzisha shirikisho la skii la Senegal, nchi ambayo kitu cheupe kilicho kingi ni chumvi na mchanga wa ufukweni.

Baada ya Guèye mlango ulianza kubanwa. Mwaka 1988, Calgary, Mwingereza Michael Edwards, aliyejulikana kama Eddie the Eagle, alikuwa wa mwisho katika kuruka kwa skii na bado akapendwa kuliko washindi. Wakubwa wa Olimpiki hawakufurahi hata kidogo. Masharti ya kufuzu yakakazwa, na tangu hapo anayetaka kuteleza kwa ajili ya nchi isiyo na theluji sharti azunguke kwenye mashindano madogo madogo akikusanya alama, mara nyingi kwa nauli ya mfukoni mwake. Kwa maoni yangu hicho ndicho kizuizi halisi. Baridi inatibika kwa koti. Nauli ya kwenda Ulaya mara sita kwa msimu haitibiki hivyo.

Mtazame Kwame Nkrumah-Acheampong wa Ghana. Alizaliwa Glasgow, akakulia Ghana, akarudi Uingereza, na mwaka 2002 akapata kazi ya mapokezi kwenye kituo cha Milton Keynes chenye mteremko wa theluji ndani ya jengo. Huko ndiko alikojifunzia, akiwa mtu mzima. Miaka minane baadaye alikuwa kwenye Olimpiki ya Vancouver, amevaa suti yenye madoadoa ya chui, kwenye mbio za kupita kati ya vijiti. Siku hiyo ukungu na theluji vilitawala. Walioanza walikuwa 102, na zaidi ya nusu walianguka au waliruka vijiti. Walioandikwa kuwa wamemaliza walikuwa 48, na Mghana alikuwa wa 47. Wa 48 alitoka Albania, nchi yenye milima na theluji ya kutosha.

Sasa twende Jamaika, maana hapo ndipo kila mtu huanzia hadithi hizi, kwa sababu ya filamu ya mwaka 1993 kuhusu timu yake ya bobsledi.

Wamarekani wawili, George Fitch na William Maloney, walitazama mashindano ya mikokoteni ya Jamaika, ambako vijana hushuka mteremkoni kwa kasi juu ya mikokoteni yenye usukani, wakaona inafanana na bobsledi. Bobsledi ni gari la barafuni lisilo na injini. Timu hulisukuma kwa kulikimbiza, huku viatu vyao vikiwa na misumari midogo mingi iliyochongoka kama sindano, kisha hurukia ndani mmoja baada ya mwingine, na dereva huliongoza kwenye mfereji wa barafu kwa kasi inayopita kilomita 130 kwa saa. Fitch na Maloney walianza kutafuta wakimbiaji, na jeshi la Jamaika likawapa watu. Dudley Stokes, dereva, alikuwa rubani wa helikopta wa jeshi hilo. Devon Harris alikuwa luteni.

Calgary, mwaka 1988, gari lao la watu wanne lilipinduka katika mzunguko wa tatu. Filamu inaonyesha wakilibeba mabegani mpaka mwisho huku watu wakipiga makofi polepole. Ukweli ni kwamba walitoka chini ya gari wakatembea kando yake. Mmoja wa wanne hao, Chris Stokes, mdogo wake Dudley, alikuwa mkimbiaji aliyekwenda Calgary kumuunga mkono kaka yake. Mwenzao alipoumia, akaingizwa timuni siku chache kabla ya mashindano. Kocha mnene wa kwenye filamu, mwenye siri ya zamani, ametungwa.

Filamu haikufika mwaka 1994, na hapo ndipo palipo patamu zaidi. Lillehammer, Norway, gari la Jamaika la watu wanne lilimaliza la 14, mbele ya Marekani, Urusi na Ufaransa. Gari moja la Marekani lilifutwa kabisa kwa sababu vyuma vyake vya chini vilikuwa na joto kupita kiasi. Chuma chenye joto huyeyusha barafu kidogo na kuteleza kirahisi, ndiyo maana waamuzi huvipima kwa kipimajoto kabla ya gari kuruhusiwa kuondoka.

Kwa nini Wajamaika walifaulu ambako Boit alitaabika? Ni kwa sababu ya zile mita 50 za mwanzo. Gari la watu wanne, likiwa tupu, lina uzito wa kilo 210, na sehemu ya sekunde inayopatikana kwenye kusukuma huongezeka njia nzima. Hapo kinachotakiwa ni mkimbiaji wa masafa mafupi mwenye mapaja, na Jamaika haijawahi kupungukiwa hao. Ushahidi ulio wazi ni Lascelles Brown. Alianza kusukuma gari la Jamaika, kisha akahamia Kanada, akapata fedha Torino mwaka 2006 akiwa na Pierre Lueders, na shaba Vancouver mwaka 2010. Miguu ileile, bendera nyingine na bajeti nyingine.

Nigeria ilifuata njia hiyohiyo. Seun Adigun, aliyekimbia mita 100 kuruka viunzi kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, alijenga gari la mbao huko Houston, Marekani, ili yeye na wenzake wajifunze kusukuma kabla hawajaona barafu. Mwaka 2018 yeye, Ngozi Onwumere na Akuoma Omeoga walikuwa timu ya kwanza ya bobsledi kutoka Afrika kwenye Olimpiki. Matokeo? Ya 20, kati ya 20.

Kuna na waliolipia mchezo kwa jina lao. Fuahea Semi kutoka visiwa vya Tonga alibadilisha jina akawa Bruno Banani, jina la kampuni ya Ujerumani inayouza chupi. Mwanzoni ilidaiwa ni bahati tu. Mwaka 2012 ikafichuka kuwa ni tangazo la biashara lililopangwa, na wakubwa wa michezo wakang'aka. Jina lilikuwa tayari kwenye pasi yake, hivyo kwenye Olimpiki ya Sochi mwaka 2014 aliteremka barafuni kwa kijigari cha kulalia, kwa jina la chupi, akawa wa 32 kati ya 39. Kimichezo, hayo si matokeo mabaya hata kidogo kwa mtu wa kisiwani.

Na Nairobi? Kwenye hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, kuna uwanja wa barafu ndani ya jengo, mdogo kuliko ule rasmi wa hoki. Vijana walioanza kucheza hoki ya barafu hapo waliunda timu ya Ice Lions. Kwa miaka hawakuwa na timu nyingine nchini ya kucheza nayo, hivyo walijigawa wakachezana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 kampuni moja ya kahawa iliwapeleka Kanada, wakacheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine, wakiwa na wachezaji wawili wa ziada upande wao: Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao kwa hoki ni kama kupewa Messi na Mbappé kwa mechi moja ya mtaani. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu. Uwanja bado ni uleule wa hotelini.