Utafiti Juu ya Wakimbizi: Majibu Yanamrudia Nani?

Wanavikundi wetu wanamjua vizuri mtu wa fomu. Anafika siku ya mkutano, anauliza mna kuku wangapi, mnakula mara ngapi kwa siku, maji mnachota wapi. Anaandika yote. Mnampa chai, anashukuru, anaondoka, na mara nyingi hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona. Baadaye mnasikia kuna mradi umekuja au umepelekwa kwingine, na hakuna ajuaye kama wale kuku waliohesabiwa walichangia.

Kama mambo ni hivyo kwetu, tuwafikirie watu wa Kakuma na Dadaab, ambao wamekuwa wakijibu maswali kwa zaidi ya miaka 30. Katika toleo hili tumeona tueleze utafiti juu ya wakimbizi wa muda mrefu, yale uliyogundua, na sababu ya kutaka matokeo yake yatangazwe wazi. Baadhi yenu mtasema, "Sisi hatuna kambi hapa, yatuhusu nini?" Yanatuhusu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Kenya ilikuwa na wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000, na mwezi wa Machi mwaka huo Serikali ilizindua Mpango wa Shirika, ambao unataka kambi zigeuke taratibu kuwa makao ya kawaida ambamo mkimbizi na mwenyeji watatumia shule moja, hospitali moja na soko moja. Jambo kama hilo haliwezi kuzungumzwa kwa uvumi wa matatu.

WANAOITWA WA MUDA MREFU

Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, huhesabu hali kuwa ya muda mrefu ikiwa watu 25,000 au zaidi kutoka nchi moja wamekaa ugenini katika nchi nyingine kwa miaka mitano mfululizo au zaidi. Kwa kipimo hicho Kenya tulipita zamani. Serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia mwezi wa Januari 1991, na mwaka huo huo kambi ya Ifo ikafunguliwa karibu na Dadaab, kisha Dagahaley na Hagadera. Zilitengenezwa kwa ajili ya watu 90,000. Wakati wa ukame na njaa ya 2011 zilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Kakuma nayo ilianza 1992, walipofika vijana wa Sudan waliokuwa wamefukuzwa na vita kutoka kwao, wakakimbilia Ethiopia, na huko tena wakatimuliwa.

Tufanye hesabu ndogo. Mama aliyeingia Ifo mwaka 1991 akiwa msichana wa miaka 20, leo amepita miaka 50. Watoto wake walizaliwa kambini. Wajukuu wake pia. Nyumbani hapajatulia vya kutosha arudi, nchi za ng'ambo huchukua wachache sana, na hapa Kenya kwa miaka mingi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali. Huyo ndiye tunayemwita mkimbizi wa muda mrefu, na watafiti ndio wamejaribu kuyaweka maisha yake katika maandishi.

ILE MIAKA 17

Pengine mmesikia kwenye semina kwamba mkimbizi wa kawaida hukaa ugenini miaka 17. Hata sisi tumeisikia mara nyingi, na imo katika hotuba nyingi na barua za kuomba misaada. Ilitoka wapi? Mwaka 2004 UNHCR waliandika kwamba hali za muda mrefu zilizokuwepo mwisho wa 2003 zilikuwa zimedumu kwa wastani wa miaka 17, kutoka miaka 9 mwaka 1993. Angalieni vizuri: walikuwa wakipima umri wa hali yenyewe, yaani mgogoro mzima, si miaka ya kila mtu. Lakini neno likapokelewa, likapokelewa tena, mpaka likageuka kuwa ati kila mkimbizi hukaa miaka 17.

Wachumi wawili wa Benki ya Dunia, Xavier Devictor na Quy-Toan Do, walikaa chini wakachukua takwimu za UNHCR za miaka yote, ambazo zilikuwa wazi, wakapiga hesabu upya. Mwaka 2016 walitoa jibu: kufikia mwisho wa 2015 wastani ulikuwa miaka 10 na kidogo, na mtu wa katikati alikuwa amekaa miaka 4 tu.

Hapa msomaji atauliza, wastani ni 10 na katikati ni 4, inakuwaje? Chukueni kikundi cha watu watano. Mmoja ana mbuzi 1, wa pili 2, wa tatu 4, wa nne 5, na wa tano ni tajiri ana mbuzi 38. Jumla ni 50. Gawanya kwa watano, wastani ni mbuzi 10. Lakini nani hapo ana mbuzi 10? Hakuna! Aliye katikati ana 4. Tajiri mmoja amewainua wote kwenye karatasi. Ndivyo ilivyo kwa wakimbizi wa dunia: wengi mwaka 2015 walikuwa wamekimbia juzijuzi, hasa kwa sababu ya vita vya Syria, na wachache wamekaa miaka mingi kupita kiasi. Wetu wa Dadaab wako upande wa yule mwenye mbuzi 38, ila hapa ni wingi wa miaka, si wa mali.

Tumelieleza hili kwa urefu kwa sababu moja. Kosa hilo lilidumu zaidi ya miaka kumi, na lilirekebishwa kwa kuwa takwimu hazikufungiwa kabatini. Zingefungiwa, tungeendelea kukariri 17.

MGENI NI MZIGO AU NI FAIDA?

Juu ya jambo hili kila mtu ana maoni yake. Mwaka 2003 Ekuru Aukot, mwanasheria ambaye wengi wenu mnamjua kwa kazi ya Katiba ya 2010, aliandika makala ambayo kichwa chake kilisema ni afadhali kuwa mkimbizi kuliko kuwa Mturkana pale Kakuma. Alikuwa akieleza uchungu wa wenyeji. Mgeni anapewa mahindi, zahanati na shule, na mwenyeji aliyefiwa na mifugo kwa ukame anatazama tu. Miti nayo inakwisha kwa kuni na makaa. Uchungu huo haukuwa wa kubuni.

Halafu mwaka 2016 ukatoka utafiti wa Benki ya Dunia pamoja na UNHCR. Hao walilinganisha familia za Waturkana walio karibu na kambi na walio mbali, wakapima mapato na matumizi. Waligundua kwamba kuwepo kwa wakimbizi kumeongeza pato la Turkana kwa asilimia 3 na zaidi, na ajira kwa karibu asilimia 3, na kwamba walio karibu na kambi wana matumizi bora kuliko wenzao wa mbali. Sababu si muujiza. Mama wa Kiturkana anauza kuni, makaa na maziwa kambini, kijana anapata kibarua, mwenye mbuzi ana mnunuzi. Mwaka 2018 utafiti mwingine, wa shirika la IFC, ulikadiria kwamba biashara ya Kakuma, kambi na mji pamoja, ni ya dola milioni 56 kwa mwaka, na ukahesabu maduka na biashara zaidi ya 2,000. Baada ya hapo ulianzishwa mfuko wa kusaidia wafanyabiashara wa huko, wakimbizi na wenyeji.

Je, Aukot alisema uongo? Sisi hatuoni hivyo. Wastani wa wilaya nzima haumwambii mchungaji aliyeko mbali na barabara kwamba ameshiba, na mwenye duka la jumla hafaidiki sawa na mama anayebeba mzigo wa kuni kichwani. Maandishi yote mawili yana haki ya kusomwa, na yakisomwa pamoja yanafaa kuliko moja peke yake. Shida ni kwamba aliyehojiwa Kakuma hakupata kusoma lolote kati ya hayo kwa lugha yake. Yaliandikwa kwa Kiingereza cha wasomi.

Kuna na habari zisizopendeza. Kakuma mwaka 2015 ulianza mpango ulioitwa Bamba Chakula, ambapo msaada ulikuja kwa simu na mtu alinunua chakula katika maduka yaliyoandikishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliofuatilia makao mapya ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa 2016, walikuta familia nyingi zimekopa chakula dukani kabla ya pesa kufika, na ikifika inaishia kwa mwenye duka. Wanavikundi wa kuweka na kukopa wataelewa mara moja hiyo ni kamba ya aina gani.

KUNI ZA DADAAB

Mfano mmoja unaonyesha kwa nini utafiti usifichwe hata ukiwa unaaibisha wafadhili. Katika miaka ya 1990 wanawake wengi wa Dadaab walikuwa wakishambuliwa na kunajisiwa porini walipokwenda kutafuta kuni. Wafadhili wakaona dawa ni rahisi: wapewe kuni, wasiende porini. Kuni zikaanza kugawiwa. Tathmini iliyofanywa mwaka 2001 ilikuta kwamba wakati wa ugawaji mashambulizi ya porini yalipungua kweli. Lakini ya mahali pengine yaliongezeka. Na kuni zilizogawiwa zilitosha sehemu ndogo tu ya mapishi, kwa hiyo mama alirudi porini vilevile. Adui hakuwa ukosefu wa kuni peke yake. Walikuwa ni watu wenye silaha na ulinzi hafifu.

Ripoti ile ingeweza kuzikwa, maana mradi ulikuwa umetumia pesa nyingi. Haikuzikwa, na wengine waliotaka kufanya mradi wa namna hiyo walipata cha kujifunza.

KUTANGAZA SI KUANIKA

Hapa pana hatari yake. Mama aliyeeleza yaliyompata porini akitajwa jina, au hata mtaa na idadi ya watoto wake, jirani watamtambua. Aliyeeleza kwamba ana kioski anaweza kuogopa kupunguziwa posho. Ndiyo maana takwimu zinazotolewa kwa umma hupunguzwa kwanza yale yanayoweza kumtambulisha mtu, kama vile UNHCR wanavyofanya na takwimu za familia za Kalobeyei na Kakuma zilizokusanywa 2018 na 2019. Kenya pia ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayompa mtu haki ya kujua habari zake zinachukuliwa kwa kazi gani.

Hofu hiyo si ya bure. Mwezi wa Agosti 2025, wafadhili walipokuwa wamepunguza pesa, Shirika la Chakula Duniani na UNHCR walianza kuwagawa wakimbizi katika makundi manne kulingana na walivyoonekana kuwa na shida. Kundi la nne, waliohesabiwa kuwa wanajitegemea, halikupewa chakula cha msaada. Wengi walilalamika kwamba hawakuelewa walipangwa vipi. Majibu ya watu yakigeuka kuwa sahani iliyojaa au sahani tupu, mtu anastahili kuelezwa hesabu ilivyopigwa, kwa Kiswahili, Kisomali, Kiarabu au lugha yoyote anayoielewa, na mahali pa kupeleka malalamiko. Kubandika orodha ukutani hakutoshi.

Wako wanaojaribu njia bora. Kakuma wakimbizi wenyewe walianzisha gazeti lao, KANERE, mwaka 2008, na huandika yale wanayoyaona wao. Dadaab, tangu 2013, vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi pamoja na vyuo viwili vya Kanada vimewasomesha wakimbizi na wenyeji hadi shahada, na baadhi yao sasa ndio wanaouliza maswali. Mtafiti anayeishi mtaa huo huo hawezi kuondoka na majibu kimyakimya, kesho atakutana nawe kisimani.

WAKIJA KWENU

Vikundi vyetu navyo vinaweza kudai haya bila ugomvi. Mtafiti akifika, mwenyekiti aombe kuona kibali cha NACOSTI, tume ya Serikali inayoruhusu utafiti, na barua aliyopitisha kwa chifu. Aulizwe nani anamlipa. Aulizwe majina yataandikwa au la, na kama mtu anaweza kukataa swali bila kunyimwa kitu. Kisha swali ambalo watu husahau: utarudi lini kutusomea ulichokipata? Katibu aandike tarehe hiyo katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina na simu ya mtafiti. Akirudi, msimsikilize tu. Mwambieni alipokosea, maana mara nyingi mwenye shamba ndiye anayejua kwamba ekari iliyoandikwa ni ya shemeji.

Wanaofanya kazi karibu na kambi wakubaliane na watafiti kuhusu baraza mbili, moja ya wakimbizi na moja ya wenyeji, kabla ya kuwaweka pamoja. Wenyeji wakisikia habari za maduka 2,000 katikati ya umati wa wageni watanyamaza, na uchungu alioandika Aukot utabaki tumboni. Redio za huko zinasikika hata na wasiojua kusoma, kwa hiyo ni vizuri kuzitumia.

Kikundi ambacho kimewahi kuhojiwa na baadaye kikaletewa majibu, tafadhali kituandikie kupitia parokia: majibu yalikuja kwa njia gani, kwa lugha gani, na yalibadilisha nini. Tutachapisha barua hizo katika toleo lijalo, na majina ya watu tutayaondoa.