Bukavu: Taa za usiku na chambo hai cha sambaza

Jua linapozama nyuma ya milima ya Kabare, wavuvi wa Bukavu hupiga makasia kuelekea katikati ya Ziwa Kivu. Mitumbwi yao hufungwa mitatu kwa pamoja, na miti mirefu inayoshikilia wavu hutokeza mbele na nyuma. Giza likiingia, mtu aliye Nguba au Muhumba huona taa zao zimetapakaa majini kama kijiji kingine.

Mvuvi wa ndoano hutafuta nyungunyungu kabla ya kutoka nyumbani. Mvuvi wa sambaza habebi chambo. Anawasha taa, na chambo kinakuja chenyewe kikiwa hai.

Mchana sambaza hukaa chini kidogo, mbali na mwanga wa jua. Jioni hupanda juu wakifuata vidudu vidogo sana vya majini, ambavyo ndivyo chakula chao. Vidudu hivyo hukusanyika chini ya taa, na sambaza huja kuvila. Wavu huwa umeshushwa tayari. Wavuvi husubiri, kisha huuvuta wote kwa pamoja, mara nyingi wakiimba ili mikono iende sawa. Kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa hadi alfajiri.

Usiku wa mbalamwezi mambo hubadilika. Mwanga umeenea ziwa zima, taa inapoteza nguvu, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Majira nayo yana neno. Upepo wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, huchanganya maji na kuinua rutuba kutoka chini, na chakula cha samaki huongezeka.

Lakini sambaza si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, kwa sababu katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kula vidudu hivyo. Leo ndiye mboga ya familia nyingi za Bukavu, na ndiye anayewalipia watoto wa wavuvi na wa mama wauzaji karo ya shule.

Nyumba yake ni ndogo kuliko tunavyodhani. Kivu ina kina cha mita 485, lakini chini ya mita 60 hivi hakuna hewa ya kupumua. Kumejaa gesi ya kaboni na methani. Samaki wote wanaishi katika tabaka lile jembamba la juu.

Hatari kubwa iko ufukweni. Sambaza hutaga mayai karibu na nchi kavu, na watoto wao hukulia huko. Anayekokota chandarua cha mbu pale anazoa samaki ambao bado hawajazaa hata mara moja. Upande wa Rwanda, uvuvi wa sambaza husimamishwa miezi miwili hivi kila mwaka ili wazaane. Lakini ziwa ni moja, na samaki hawajui mpaka.

Mnunuzi pia ana nafasi yake. Ukikuta sokoni sambaza wadogo kama sindano, ujue hawakutoka kwenye taa za katikati ya ziwa. Wametoka ufukweni, na kila kikombe kinachonunuliwa kinamrudisha mwenye chandarua majini kesho yake.