Tangi la Pikipiki ya Marehemu Mzee

Pikipiki ya marehemu mzee wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ni Honda CG125, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 na ambayo injini za bodaboda nyingi za leo kutoka China zimeigwa kwayo. Tangu mzee atutoke, yapata miaka kumi na mmoja sasa, ilikuwa imeegemezwa ukutani uani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, imefunikwa turubai. Mama hakukubali iuzwe. Mwaka huu mpwa wangu, kijana aliyehitimu ufundi, aliomba ruhusa aifufue, na mama akamkubalia kwa sharti moja: kingine chochote kibadilishwe, ila tangi liwe lile lile. Juu ya tangi hilo ndipo mzee alipokuwa akinipakia nikiwa mtoto, nami nikishika usukani kana kwamba mimi ndiye dereva.

Asubuhi ya kwanza ya kazi nusura tuingie msibani. Kijana alilifungua tangi pale pale uani, akamimina petroli kuukuu ndani ya karai, ilhali hatua chache kutoka alipochutama dada yangu alikuwa akikaanga mahamri kwenye jiko la makaa. Mama, aliyekuwa chumbani, ndiye aliyesikia harufu. Alitoka mbio, umri wake ule, akipiga kelele karai litolewe nje ya nyumba, na halikupata amani moyoni mwake mpaka lilipofika mtaani na uwa ukamwagiwa maji.

"Lakini mjomba," akaniambia kijana baadaye, "petroli yenyewe imeshakufa, ina miaka kumi."

Petroli kuukuu huharibika kwa injini, haiharibiki kwa moto. Hata kwenye baridi ya takriban nyuzi 40 chini ya sifuri hutoa mvuke wa kutosha kushika moto, sembuse joto letu la pwani. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Hushuka na kutambaa sakafuni kama maji, tena bila kuonekana, na ukifika palipo na jiko au kiberiti huwaka na kurudi ulikotoka. Basi enyi kina mama, kijana akileta tangi la pikipiki uani, nyinyi ndio wenye haki ya kumtoa, na msione haya.

Tulipolikagua tangi, tuliona kutu imelila hasa upande wa kushoto, chini. Sababu yake ni nyepesi. Tangi linapobaki nusu tupu, hewa ya bahari huingia humo, na usiku unyevu wake huganda kuwa matone kwenye kuta za ndani. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo huzama hadi chini. Na pikipiki isimamishwapo kwa mguu wake wa ubavuni huinama kushoto. Kwa miaka kumi na mmoja maji yalikuwa yakikaa pembe ile ile. Tulilijaza maji safi, tukalipangusa nje likauke, na baada ya saa moja vitundu vitatu vya ukubwa wa ncha ya sindano vikajitokeza kwa matone.

Fundi mmoja wa kulehemu alikuwa tayari kuviziba siku ile ile. "Tangi ni tupu, lina hofu gani?" Nikakataa, na hapa naomba msomaji anisikilize vyema. Tangi tupu ndilo la kuogopwa. Lililojaa petroli halina hewa ya kutosha ndani yake, lakini tupu lina mvuke na hewa pamoja, na mvuke ukifika sehemu kati ya moja na nane hivi katika mia, cheche moja tu hulipasua kama bomu. Kulisuuza mara moja hakutoshi, kwani petroli hujificha kwenye maungio ya mabati na chini ya magamba ya kutu, kisha hutoka moto unapoigusa. Wala mtu asichungulie ndani kwa kiberiti. Sisi tulitumia tochi ya betri.

Dawa ya kutu ilitoka jikoni. Tuliliosha tangi kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, nje ya nyumba, tukaziba tundu la koki kwa kizibo cha mpira na vile vitundu kwa utepe. Kisha tukatia ndani mnyororo mkuukuu wa baiskeli, uliofungwa waya ili uweze kuvutwa nje, tukalivingirisha tangi kwenye godoro la zamani rangi isichubuke, na vijana wakapokezana kulitikisa. Kelele zake majirani watanisamehe. Magamba yaliyotoka yalijaza kikombe.

Halafu tukalijaza siki hadi shingoni na kuliacha siku tatu, kifuniko kikiwa kimelegezwa, kwa maana siki ikila chuma hutoa gesi. Siku ya pili tuliibadilisha kwa kuwa ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Jambo moja la kutahadhari: chombo chenye siki kisikaribiane na jiki ya kufulia, kwani zikichanganyika hutoka gesi yenye sumu ya kuumiza mapafu.

Siku ya nne bati la ndani lilikuwa la kijivu, safi. Tulisuuza kwa maji ya magadi, yale yale yatiwayo kwenye kunde zipate kuiva upesi, ili kuua ukali wa siki. Pale ndipo panapotakiwa haraka, maana bati lililo uchi na maji huanza kutu upya kwa dakika chache tu. Tukalizungusha kwa spiriti inyonye maji, tukaliweka juani na kulipulizia hewa kwa pampu ya mkono. Kijana alikwisha kwenda kuchukua mashine ya mamake ya kukaushia nywele, nikamrudisha nayo. Spiriti nayo huwaka.

Vitundu vilizibwa kwa gundi ya epoksi upande wa nje, na ndani tukapaka rangi ya epoksi ya sehemu mbili iliyotengenezwa mahususi kwa matangi ya petroli. Rangi ya kawaida haifai. Zamani mzee aliwahi kupakiwa ya mashua na fundi mmoja nisiyetaka kumtaja. Petroli iliiyeyusha, ikabanduka kama ngozi ya nyoka na kuziba kabureta, naye akaisukuma pikipiki kwa miguu kutoka Nyali. Tuliacha rangi yetu ikauke wiki nzima.

Injini iliwaka Alhamisi alasiri, kwa teke la saba. Mama alikuwa barazani. Hakusema neno, aliinua tu mkono kijana asiizime upesi. Sasa tangi tunalijaza pomoni ili hewa isipate nafasi, na kwa amri ya mama pikipiki hailali tena uani; inalala kwenye banda la jirani asiyepika huko. Zile chupa za siki bado anatudai.