Shanga ya 249: Rekodi za Saratani Zinazoigusa Kanda ya Kati

Katika jeni zote za binadamu, hakuna inayokutwa imeharibika ndani ya uvimbe wa saratani mara nyingi kuliko TP53. Jeni hiyo ni mlinzi. Seli ikijeruhiwa kwenye vinasaba vyake, protini ya TP53 huizuia isigawanyike mpaka jeraha litengenezwe, na jeraha likishindikana, huiamuru seli ife. Protini yenyewe ni kama uzi wa shanga 393, na saratani mbalimbali huvunja shanga mbalimbali. Iko moja, ya 249, ambayo mtu wa Dodoma angepaswa kuijua kama anavyojua jina la mtaa wake.

Mwaka 1991 jarida la Nature lilitoa taarifa mbili kwa pamoja, moja kutoka Qidong nchini China, nyingine kutoka kusini mwa Afrika. Zote zilihusu saratani ya ini. Kule Qidong, wagonjwa 8 kati ya 16 walikuwa na kasoro mahali palepale: kwenye herufi za jeni zinazoiandika shanga ya 249, G imegeuka T. Herufi moja katika kitabu cha herufi bilioni 3! Watu wa sehemu hizo mbili hawakuwa na undugu. Walichoshiriki ni chakula chenye sumukuvu.

Ndiyo maana kasoro hii naipa nafasi ya kwanza katika rekodi hizi: ni alama ya kidole iliyo wazi kuliko zote ambazo sumu ya chakula imewahi kuacha ndani ya saratani. Moshi wa sigara huacha alama zake kwenye mapafu, na jua huacha zake kwenye ngozi, lakini alama hizo hutawanyika huku na huku. Sumukuvu hupenda kugonga mlango mmoja.

Na njia inayoifikisha kwenye chakula tunaifahamu. Kuvu wanaotengeneza sumu hii hustawi pale mmea unapoteswa na jua kali na ukame ukiwa bado shambani, kisha mavuno yakaanikwa chini kwenye udongo na kuwekwa ghalani yakiwa na unyevu. Hiyo ni hali ya mahindi na karanga katika miaka mingi ya uwanda wetu. Kuchemsha ugali hakuiondoi. Kinachosaidia ni kukausha vizuri juu ya turubai, kuchambua na kutupa punje zilizooza au kubadilika rangi, na kukoboa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa kila bilioni, na cha aina hatari zaidi, B1, ni sehemu 5.

Mwaka mbaya kuliko yote kwetu

Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu. Watu 68 waliugua, 20 wakafa. Kenya ilikuwa imepatwa na makubwa zaidi mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125.

Waliokufa katika milipuko hiyo hawakufa kwa saratani. Walikula sumu nyingi kwa muda mfupi, ini likashindwa. Saratani ni kazi ya sumu kidogokidogo kwa miaka mingi, na humwandama zaidi mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B: kwake, kiasi kilekile cha sumukuvu kina nguvu ya kuleta saratani takriban mara 30 kuliko kwa asiye na virusi. Kwa hiyo chanjo ya homa ya ini anayopewa mtoto kliniki na turubai la kuanikia karanga vinalinda ini lilelile.

Chini ya darubini, saratani mbili za ini zinaweza kufanana kabisa. Ni vinasaba vitakavyosema kuwa hii imepitia ghalani. Hakuna bado dawa iliyoidhinishwa ya kulenga shanga ya 249, na sitaki msomaji adhani ipo. Faida ya kuisoma alama hiyo leo ni kumjua adui kwa jina, ili azuiwe kabla hajaingia sufuriani.

Wenye kasi kuliko wote, na safari ndefu kuliko zote

Uvimbe wa binadamu unaokua haraka kuliko wote uliandikwa kwa mara ya kwanza kwa kina hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alichapisha mwaka 1958 habari za watoto waliovimba mataya; leo uvimbe huo huitwa limfoma ya Burkitt. Idadi ya seli za uvimbe huo inaweza kuongezeka maradufu katika saa 24 hadi 48.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia kwenye gari lililokwisha kutumika, wakaendesha takriban maili 10,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa bara wakipita hospitali baada ya hospitali na kuuliza: mmeuona uvimbe huu? Ramani aliyorudi nayo ilifuata joto na mvua. Penye baridi ya milimani haukuonekana, na penye mvua chini ya milimita 500 kwa mwaka ulikuwa adimu. Dodoma hupata karibu milimita 570. Sisi tupo pale pale ukingoni mwa ramani yake, na ukingo huo leo unaelezwa kwa mbu: malaria ikikutana na virusi fulani ndani ya mtoto, uvimbe hupata nafasi.

Virusi hivyo vilionekana London mwaka 1964, kutokana na sampuli zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr ndio waliovigundua, navyo vikawa virusi vya kwanza kujulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Kwa miongo mingi madaktari waliugawa ugonjwa huu kwa ramani: wa Afrika na wa kwingineko. Vinasaba vimeufuta mpaka huo. Uchunguzi uliolinganisha uvimbe wa watoto wa Uganda na wa nchi nyingine ulionyesha kwamba kinachotenganisha kweli ni kuwepo au kutokuwepo kwa virusi vya Epstein na Barr, na uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 umefuata njia hiyo. Nafurahi kuona neno Afrika limeacha kuwa jina la ugonjwa.

Kromosomu ya kwanza

Philadelphia, 1960: Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu fupi isivyo kawaida ndani ya seli za saratani ya damu iitwayo lukimia sugu ya mieloidi. Ilikuwa mara ya kwanza kasoro ya kromosomu kuhusishwa na saratani moja. Mwaka 1973 Janet Rowley alionyesha kuwa kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Mwaka 2001 dawa ya vidonge, imatinib, iliyotengenezwa kwa ajili ya kosa hilo, iliidhinishwa Marekani kwa chini ya miezi 3. Katika jaribio lake kuu, asilimia 89 ya wagonjwa walioanza nayo walikuwa hai baada ya miaka 5.

Kwa miaka mingi Mtanzania mwenye ugonjwa huo alipata vidonge hivyo bila malipo, kwa mpango wa msaada, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa mtu wa Dodoma hiyo ni safari ya kilomita 450 hivi, tena ya kurudiwa maisha yote.

Kimya kuliko zote

Saratani ya umio hushamiri katika ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia hadi kusini mwa Afrika, nasi tumo. Mwaka 2021 watafiti walisoma vinasaba vyote vya uvimbe 552 kutoka nchi 8, Tanzania, Kenya na Malawi zikiwemo, wakitafuta alama kama ile ya shanga ya 249. Penye ugonjwa mwingi na penye mchache, alama zilifanana. Huenda chanzo, kama vile chai inayonywewa ikiwa ya moto sana, huumiza bila kuandika.

Kidogo kuliko vyote

Uvimbe ukifa kidogo, humwaga kwenye damu vipande vya vinasaba vyenye urefu wa herufi 160 na kitu. Gambia, mwaka 2000, kasoro ya shanga ya 249 ilikutwa hivyo katika damu ya wagonjwa 19 kati ya 53 wa saratani ya ini, bila kisu kugusa ini. Njia hiyohiyo imefanyiwa utafiti katika mradi wa AI-REAL, unaounganisha Chuo Kikuu cha Oxford, Muhimbili na hospitali ya Lacor ya Gulu: kusoma damu ya watoto na vijana ili kutambua limfoma, ikiwemo ya Burkitt, badala ya kusubiri majibu ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kinachokatwa kwa uchunguzi, pekee.

Piga hesabu. Seli zikiongezeka maradufu kila siku 2, na majibu ya kinyama yakichukua siku 14, seli moja imekuwa 128. Nyingi hufa njiani, kwa hiyo uvimbe wenyewe hauongezeki kiasi hicho, lakini taya la mtoto linaonekana likibadilika kati ya siku ya kuchukua kinyama na siku ya kupata majibu.