Mifupa ya Ranis: Binadamu wa Kisasa Alipoingia Nchi ya Waneandertali

Mwaka 1856, wachimbaji wa mawe ya chokaa katika bonde la Neander, karibu na mji wa Düsseldorf nchini Ujerumani, waliibua mifupa ya mtu mwenye paji lililolala nyuma na matuta mazito juu ya macho. Kutokana na bonde hilo, jamii nzima ya watu wa kale ikaitwa Waneandertali. Watu hao waliishi Ulaya na Asia ya Magharibi kwa mamia ya maelfu ya miaka, wakastahimili vipindi vikali vya barafu, kisha wakatoweka yapata miaka 40,000 iliyopita.

Binadamu wa kisasa, ambaye ndiye sisi sote tulio hai leo, chimbuko lake ni Afrika. Katika pango la Panga ya Saidi, pwani ya Kenya, mtoto wa umri wa miaka mitatu hivi alizikwa kwa uangalifu miaka 78,000 iliyopita. Watafiti wakampa jina la Kiswahili, Mtoto. Wakati huo Ulaya ilikuwa bado nchi ya Waneandertali. Je, watu wetu waliingia huko lini, na walipokutana na wenyeji, kulitokea nini? Swali hili ni la akiolojia, lakini majibu yake yamefika hadi wodini.

Jiwe halisemi nani alilichonga

Kwa miongo mingi, ushahidi mkubwa ulikuwa zana za mawe. Katika maeneo yanayoanzia Uingereza hadi Poland zilipatikana ncha ndefu za mawe zenye umbo la jani, za kipindi kile kile ambacho Waneandertali walikuwa wakikaribia kutoweka. Wataalamu wengi walidhani kuwa hao ndio waliozichonga. Dhana hiyo ilikuwa na udhaifu: ufundi huigwa na hurithishwa, na jiwe peke yake halina damu wala vinasaba.

Jibu lilipatikana katika pango la Ilsenhöhle, mjini Ranis, mashariki mwa Ujerumani. Pango hilo lilichimbwa kwanza kati ya mwaka 1932 na 1938, likachimbwa tena kati ya mwaka 2016 na 2022. Watafiti walishuka hadi kina cha takriban mita 8, baada ya kuvunja mwamba mnene uliokuwa umewazuia wachimbaji wa awali. Pamoja na hayo, sehemu kubwa ya ushahidi haikutoka ardhini. Ilitoka kwenye masanduku ya mifupa iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1930.

Mifupa hiyo ilikuwa vipande vidogo mno, visivyoweza kutambulika kwa macho kama ni vya mtu, farasi au dubu. Hapo ndipo maabara ilipochukua nafasi. Kolajeni, protini inayoupa mfupa uimara wake, hutofautiana kidogo kati ya wanyama wa makundi mbalimbali. Kwa kupima uzito wa sehemu za protini hiyo, wanasayansi huweza kubaini kundi la mnyama ambaye mfupa ni wake. Vipande 13 vilibainika kuwa vya binadamu, na vinasaba vya mitokondria vikathibitisha kuwa ni vya binadamu wa kisasa. Matokeo yalipotangazwa Januari 2024, ilidhihirika kuwa watu wetu walifika kaskazini mwa Ulaya zaidi ya miaka 45,000 iliyopita, wakati ambapo baridi ilizidi ya sasa kwa nyuzi 7 hadi 15 za Selsiasi.

Kupima umri huo si kazi nyepesi. Kaboni 14 iliyomo mfupani hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Baada ya miaka 45,000, kinachosalia ni chini ya asilimia 1 ya kiasi cha mwanzo; uchafu kidogo wa kaboni ya kisasa hutosha kuufanya mfupa uonekane mdogo kwa maelfu ya miaka. Kwa sababu hiyo, usafishaji wa kolajeni kabla ya kipimo ni muhimu sawa na kipimo chenyewe.

Safari nyingi, si moja

Ranis haisimami peke yake. Pango la Bacho Kiro nchini Bulgaria lina mifupa ya binadamu wa kisasa ya umri wa miaka 45,000 hivi, pamoja na mapambo ya meno ya dubu. Katika pango la Mandrin, kusini mwa Ufaransa, jino la mtoto la umri wa takriban miaka 54,000 limehusishwa na binadamu wa kisasa. Hata hivyo, utambuzi huo umetegemea umbo la jino, na baadhi ya wataalamu wanauhoji.

Vinasaba vimeongeza jambo la kutafakarisha. Watu wa Ranis walikuwa kundi dogo, wakiwamo mama na binti yake, na walikuwa na uhusiano wa damu na mwanamke ambaye mabaki yake yalipatikana Zlatý kůň, nchini Czech. Vinasaba vyao vinaashiria ngozi na nywele nyeusi pamoja na macho ya kahawia. Lakini ukoo wao ulikatika: hakuna kizazi cha leo kinachotokana nao. Hali ni hiyo hiyo kwa mtu wa Peștera cu Oase, Romania, aliyekuwa na babu Mneandertali vizazi 4 hadi 6 tu kabla yake. Basi kuingia Ulaya hakukuwa ushindi wa mkupuo mmoja; baadhi ya waliotangulia nao walitoweka.

Urithi uliobaki mwilini

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kisa hiki mwenyeji hakupona, ila sehemu yake ilibaki ndani ya mgeni. Kazi ya Svante Pääbo, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2022, ilionesha kuwa watu wenye asili ya nje ya Afrika wana takriban asilimia 1 hadi 2 ya vinasaba vya Waneandertali. Waafrika nao wanavyo kidogo, hasa kupitia watu waliorejea barani baada ya kuchanganyika.

Urithi huo una athari za kitabibu. Mwaka 2020 ilibainika kuwa kipande kimoja katika kromosomu ya 3, kilichotoka kwa Waneandertali, huongeza hatari ya kuugua vikali UVIKO-19. Takriban nusu ya watu wa Asia ya Kusini wanacho, na asilimia 16 hivi ya Wazungu. Afrika ni nadra mno. Kipande kingine, katika kromosomu ya 12, hupunguza hatari hiyo.

Tahadhari mbili zinafaa hapa. Kwanza, kukosa kipande hicho si kinga: umri, kisukari na shinikizo la damu humweka mgonjwa hatarini popote alipo. Pili, tafiti nyingi za jenomu zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, ilhali utofauti mkubwa zaidi wa vinasaba duniani uko Afrika. Kipimo cha hatari kilichoundwa kwa watu ambao historia yao imepitia Ranis na Bacho Kiro hakiwezi kuchukuliwa kuwa sahihi kwa mgonjwa wa Muhimbili au Kisumu kabla hakijajaribiwa kwa watu wa hapa.

Ndiyo maana jenomu za Waafrika zinahitaji kusomwa kwa wingi, na ndiyo maana masanduku ya mifupa na sampuli katika makumbusho na maabara zetu yanahitaji kutunzwa. Vipande vya Ranis vilikaa kwenye masanduku kwa takriban miaka 80 kabla ya kupatikana kipimo kilichoweza kuvisoma.