Kabla ya kuanza dawa za saikosisi, mweleze daktari haya

Kijana wako halali usiku, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii na anaamini majirani wanataka kumwekea sumu. Umemfikisha hospitali na daktari ameandika haloperidol, chlorpromazine, risperidone au olanzapine. Hizi ni dawa za kutibu saikosisi, na huwarudisha wagonjwa wengi shuleni na kazini. Lakini kabla ya kidonge cha kwanza, kuna mambo ya kuzungumza na daktari.

Kwanza, chanzo kitafutwe. Malaria kali, kushuka kwa sukari na maambukizi ya ubongo huweza kumfanya mtu aweweseke kama mwenye ugonjwa wa akili. Ikiwa hali imeanza ghafla, hasa pamoja na homa, vipimo vitangulie.

Pili, taja magonjwa mengine aliyonayo. Mwenye kifafa anaweza kupata degedege zaidi akitumia chlorpromazine. Mwenye kisukari au unene achunguzwe kwa makini kabla ya kupewa olanzapine, kwa kuwa huongeza uzito na sukari. Sema pia kama ana ugonjwa wa moyo, ni mjamzito au ananyonyesha. Kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, dawa hizi huongeza hatari ya kiharusi na kifo, hivyo hutolewa pale tu inapolazimu.

Tatu, beba dawa zote anazotumia. Kwinini, dawa mseto ya malaria na erythromycin zikitumika pamoja na haloperidol zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Hiyo haina maana kwamba malaria isitibiwe. Daktari ajue ili achague dawa inayofaa. Usifiche pombe, bangi, mirungi wala dawa za kienyeji. Hata sigara itaje, kwani hupunguza kiwango cha olanzapine mwilini. Mvutaji akiacha ghafla, dozi ile ile inaweza kumzidi.

Nne, apimwe uzito, shinikizo la damu, sukari na mafuta kwenye damu kabla ya kuanza, kisha vipimo virudiwe baada ya miezi mitatu. Anayetumia clozapine lazima apimwe damu mara kwa mara, kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe zinazopambana na maradhi.

Sasa, mzazi, hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa. Katika siku za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume wanaotumia haloperidol, shingo inaweza kupinda, macho yakageuka juu, taya likakaza au ulimi ukatoka nje. Wengi hudhani ni mapepo, wakamtoa hospitali na kumpeleka kwa mganga. Hayo ni maudhi ya dawa na yanatibika. Mrudishe hospitali mara moja. Akichomwa sindano inayofaa, kwa kawaida hutulia ndani ya muda mfupi. Daktari anaweza kubadili dawa, kupunguza dozi au kumwongezea benzhexol.

Hatari kubwa zaidi, ingawa hutokea mara chache, ni homa kali pamoja na mwili kukakamaa, jasho jingi na kuchanganyikiwa. Usiishie kununua dawa ya malaria dukani. Usimpe dozi inayofuata, mkimbize hospitali na uwaambie anatumia dawa gani.

Mwisho, asiache dawa kwa sababu tu amepata nafuu. Sauti zikinyamaza, ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Kuacha ghafla mara nyingi hurudisha ugonjwa, na kila unaporudi shule, kazi na ndoa hutikisika. Kama dawa inamletea usingizi mzito, mate mengi au matatizo ya tendo la ndoa, mwambieni daktari bila aibu.

Kabla hamjatoka kliniki, ulizeni mambo matatu: jina la dawa, itatumika kwa muda gani, na mtampigia nani mkiona dalili za hatari usiku. Andikeni majibu hayo kwenye daftari la mgonjwa.